Sikio la Fundi

Jinsi ya kutambua mlio mbaya katika injini ya pikipiki

1. Tabibu na fundi

Mwaka 1816, katika mji wa Paris huko Ufaransa, tabibu mmoja jina lake René Laennec aliletewa mwanamke kijana mwenye ugonjwa wa moyo. Tabibu alitaka kuyasikiliza mapigo ya moyo wake, lakini aliona haya kuweka sikio lake kifuani pa mwanamke yule. Basi akachukua karatasi, akaiviringisha ikawa kama mwanzi, akaweka ncha moja kifuani pa mgonjwa na ncha ya pili sikioni mwake. Akastaajabu, maana aliyasikia mapigo wazi kuliko alivyopata kuyasikia kwa sikio tupu. Kutokana na karatasi ile kikatengenezwa chombo ambacho matabibu wa ulimwengu wote hukitumia hata leo.

Fundi wa mitambo naye ni tabibu wa namna yake. Mgonjwa wake hana kinywa cha kusema ni wapi panapouma. Hana ila mlio. Na kama vile tabibu mwema asivyompasua mgonjwa kabla ya kumwuliza maswali na kumsikiliza, kadhalika fundi mwema haifungui injini kabla ya kuisikiliza.

2. Vilivyomo ndani ya injini

Katika mwaka 1885 Wajerumani wawili, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, walitengeneza pikipiki iliyokwenda kwa petroli. Injini yake ilikuwa na silinda moja tu, yenye sentimeta za ujazo 264, na nguvu zake zilikuwa kama nusu ya nguvu za farasi mmoja. Pikipiki nyingi zibebazo abiria katika Afrika ya Mashariki siku hizi nazo zina silinda moja, na ukubwa wake kwa kawaida ni kati ya sentimeta za ujazo 100 na 150. Lakini nguvu zake ni nyingi kuliko za ile ya kwanza.

Silinda ni kama kinu cha chuma, na pistoni ni kama mchi upandao na kushuka ndani yake. Pistoni imeungwa kwa mkono wa chuma uitwao konrodi na mhimili uzungukao, ambao mafundi huuita krenki. Juu ya silinda pana kifuniko kinene, yaani hedi, chenye milango miwili midogo iitwayo valvu. Mlango mmoja huingiza hewa iliyochanganyika na petroli, na wa pili hutoa moshi. Katika pikipiki nyingi za siku hizi milango hiyo hufunguliwa na mhimili mdogo ulio juu, uitwao kemshafti, nao huzungushwa na cheni nyembamba itokayo kwenye krenki. Cheni hiyo huitwa cheni ya taimingi. Kando yake pana kikaza cheni, ambacho kazi yake ni kuisukuma isilegee.

Injini hufanya kazi yake kwa hatua nne: huvuta hewa na petroli, huvibana, huviwasha, kisha hutoa moshi. Katika hatua hizo nne krenki huzunguka mara mbili, na kemshafti mara moja. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, krenki huzunguka mara 50 kwa sekunde moja, na kila valvu hufunguka na kufunga mara 25 katika sekunde hiyo hiyo. Kasi hiyo ni kubwa mno.

Baina ya kila chuma na chuma chenzake pana nafasi ndogo, na nafasi hiyo hujaa oili. Oili ni kama mto uliowekwa kati ya vyuma viwili ili visigombane. Nafasi ikizidi, au oili ikipungua, chuma hugonga chuma. Kugonga huko ndiko mlio wenyewe.

3. Milio na sura zake

Mafundi wamezoea kuipambanua milio kwa kuifananisha na vitu vya nyumbani.

Mlio wa debe. Huu ni mlio mwepesi wa bati litikisikalo. Mara nyingi hautoki ndani ya injini hata kidogo. Hutoka kwenye kinga ya ekzosi iliyolegea, au bati la namba, au bolti ya kushikilia injini iliyofunguka. Ni mlio wa kudharauliwa, lakini umewafanya watu wengi wafungue injini nzima bure.

Mlio wa cherehani. Huu husikika juu, kwenye hedi, nao ni mwepesi wenye mpigo sawasawa. Ni dalili kwamba nafasi ya valvu imezidi. Katika injini ndogo nafasi hiyo kwa kawaida ni kati ya milimeta 0.05 na 0.10 tu, yaani kama unene wa unywele. Hupimwa injini ikiwa baridi.

Mlio wa kayamba. Huu hutoka ubavuni mwa injini, upande ipitapo cheni ya taimingi. Husikika zaidi injini ikiwashwa, ikiunguruma polepole, au mwendeshaji aachiapo petroli ghafula. Ni dalili ya cheni iliyolegea.

Mlio wa hodi. Huu ni kama mtu agongaye mlango wa mbao. Husikika injini ikiwa baridi, kisha hupungua ikipata moto, kwa sababu pistoni ya aluminiamu hutanuka kwa joto kuliko silinda ya chuma, na nafasi iliyo kati yake hupungua. Ni dalili ya pistoni au silinda iliyolika.

Mlio wa kokoto. Huu ni kama kokoto zilizomwagwa katika kopo. Husikika pikipiki ipandapo mlima na mzigo katika gia kubwa, na hukoma mwendeshaji apunguzapo petroli. Ni dalili kwamba petroli haiwaki ipasavyo, labda kwa sababu injini imepata moto mno, au imejaa masizi, au cheche ya plagi hutoka kabla ya wakati wake.

Mlio wa mchi. Huu ni mzito, hutoka chini, nao huzidi injini ikipata moto na kubeba mzigo. Ni dalili ya kulika kwa beringi ya konrodi iliyo kwenye krenki. Huu ndio mlio wa kuogopwa kuliko yote. Asikiaye mlio huo yampasa azime injini papo hapo, maana konrodi ikikatika huweza kuvunja injini yote na kulifunga gurudumu la nyuma, na mwendeshaji akaanguka.

Hata hivyo milio hii hufanana, na fundi wa miaka mingi huweza kudanganyika akifuata sura ya mlio peke yake. Kwa hiyo yeye huuliza: mlio husikika lini? Ni wakati wa baridi au wa moto? Ni mlimani au bondeni? Ni petroli ikiongezwa au ikipunguzwa? Wakati wa mlio husema mengi kuliko mlio wenyewe.

4. Kijana wa Gairo

Kijana mmoja wa Gairo, mji ulio katika barabara itokayo Morogoro kwenda Dodoma, alinunua pikipiki kwa fedha za mkopo. Kila Jumamosi alilipa sehemu ya deni lake, na kwa fedha zilizobaki alimlipia dada yake mdogo mahitaji ya shule. Kwa miezi mingi kazi ilikwenda vema. Ndipo siku moja akasikia mlio mdogo ndani ya injini, akaunyamazia. Baada ya juma moja mlio ulikuwa mkubwa, hata abiria wakaanza kumwuliza.

Akampelekea fundi aliyekuwa karibu. Fundi yule aliiwasha injini, akasikiliza kwa dakika moja, akasema, "Krenki imekufa, na pistoni pia. Lazima tufungue yote." Akataja gharama yake. Kijana akanyamaza, maana fedha hizo zilikuwa sawa na malipo ya deni ya majuma mengi. Akiwa njiani kurudi aliona akilini mwake mambo mawili: pikipiki ikichukuliwa na wenye mkopo, na dada yake akirudishwa nyumbani.

Jioni ile mama yake akamwambia, "Mwanangu, yuko mzee aliyekuwa akitengeneza mashine za kusaga. Nenda kwake kesho kabla hujauza kitu."

Asubuhi kijana akaisukuma pikipiki mpaka nyumbani kwa mzee, hakuiwasha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona waisukuma? Imekataa kuwaka?"

"Inawaka, mzee, lakini yapiga kelele. Nimeambiwa krenki imekufa."

"Aliyekuambia ameiona krenki?"

"Hapana. Ameisikia."

Mzee akacheka kidogo, akavuta kigoda akaketi. "Vema umeisukuma, kwa kuwa nataka kuisikia ikiwa baridi. Lakini kwanza niambie wewe. Mlio wazidi wakati gani?"

"Asubuhi niiwashapo, na tena nishukapo mlima nikiachia petroli."

"Upandapo mlima na abiria wawili?"

Kijana akafikiri. "Mlimani hupungua, mzee."

"Abiria wawili ni makosa, lakini hayo tutayasema baadaye. Oili ulibadili lini?"

Kijana akatazama chini. "Mwezi uliopita."

Mzee hakujibu neno. Akaisimamisha pikipiki wima mahali palipo sawa, akafungua kifuniko cha oili, akakifuta kijiti cha kupimia kwa kitambaa, akakitumbukiza na kukitoa tena. Oili ilikuwa nyeusi kama lami, nayo haikufika hata alama ya chini. Akamwonyesha kijana kijiti kile.

"Mwanangu, mgonjwa akimficha tabibu, tabibu hutoa dawa ya ugonjwa mwingine. Nakuuliza mara ya pili."

Ndipo kijana akasema kweli. Tangu alipe deni la mwezi wa tatu hakubadili oili hata mara moja. Alidhani kwamba akiacha kununua lita moja ya oili atapata fedha za daftari na sare za dada yake.

"Sasa twaweza kuanza," akasema mzee.

5. Uchunguzi

Mzee akaongeza oili mpaka ikafika alama ya juu, kwa sababu injini yenye oili pungufu haifai kuwashwa hata kwa kujaribu. Kisha wakaitoa pikipiki uani, penye upepo, maana moshi wa injini una sumu isiyo na harufu, nayo huua mtu aliye katika chumba kilichofungwa. Kijana akapiga kiki, na injini ikawaka. Mlio ukasikika, ingawa ulikuwa umepungua kidogo.

Mzee hakugusa injini. Alichukua kipande cha mti, akakibonyeza juu ya bati moja baada ya jingine: bati la namba, kinga ya cheni ya nje, kinga ya ekzosi. Alipobonyeza kinga ya ekzosi, nusu ya kelele ikanyamaza. Bolti yake moja ilikuwa imeanguka. Kijana akafurahi akataka kumshukuru mzee, lakini mzee akainua mkono. "Bado. Mgonjwa aweza kuwa na magonjwa mawili. La kwanza tumeliondoa ili tulisikie la pili."

Akamwambia kijana abane mkono wa klachi. Mlio haukubadilika. Basi ugonjwa haukuwa katika klachi, maana kama klachi ingalikuwa mbovu, mlio ungaligeuka ilipobanwa.

Kisha akatwaa bisibisi ndefu. Akaweka mpini wake kwenye mfupa ulio mbele ya sikio lake, na ncha yake akaiweka juu ya injini, akiangalia sana asiguse vitu vizungukavyo wala ekzosi ya moto. Kwanza akaiweka chini, penye krenki. Akasikiliza. Akaiweka katikati ya silinda. Akaiweka juu kwenye hedi. Mwisho akaiweka ubavuni, upande wa cheni ya taimingi. Hapo akamwita kijana, akampa bisibisi.

"Sikiliza chini. Wasikia nini?"

"Mngurumo tu, mzee."

"Haya, sikiliza hapa ubavuni."

Kijana akaweka sikio, akashtuka. "Ni kama kayamba!"

"Achia petroli ghafula."

Kijana akaongeza petroli kisha akaiachia, na kayamba ikalia kwa nguvu kuliko kwanza.

Wakaizima injini, wakamwaga oili yote katika bakuli, nayo ingali na uvuguvugu. Mzee akaichuja kwa kitambaa cheupe, akapitisha sumaku. Sumaku ikanasa unga mwembamba wa chuma, si vipande. Katika kitambaa hapakuwa na magamba yang'aayo ya aluminiamu, ambayo hayashikwi na sumaku, na ambayo yangalionyesha kwamba pistoni inakwaruzwa. Kwa hiyo ushahidi ukawa mmoja: sikio, wakati wa mlio, na oili vyote vilielekeza mahali pamoja.

Injini ilipopoa, ndipo mzee akaifungua, na hata hapo hakufungua yote. Alitoa kikaza cheni. Kijiti chake kilikuwa kimetoka mpaka mwisho, hakikuwa na nafasi ya kusukuma tena. Akafunua kifuniko cha hedi, akainua cheni kwa kidole, nayo ikainuka kama kamba iliyolegea. Alipima pia nafasi za valvu kwa vibati vyembamba, akaona moja imezidi.

"Cheni imerefuka," akasema. "Kama ungaliendelea, siku moja ingaliruka meno. Hapo valvu zingalifunguka wakati usio wake, zikagongana na pistoni, na maneno ya fundi yule wa kwanza yangalikuwa kweli."

Kijana akauliza, "Je, yule alitaka kuniibia?"

"La, sidhani. Alisikia mlio mmoja akadhani aujua. Kosa hilo hata mimi nimelifanya, na mtu mmoja akalipa fedha zake kwa kosa langu. Sijalisahau."

Wakaweka cheni mpya, na vipande vinavyoiongoza, na kikaza chake, na gasketi mpya, wakarekebisha valvu, wakatia oili safi. Gharama yote ilikuwa ndogo kuliko ile aliyotajiwa kwanza, ingawa haikuwa kidogo kwake. Alilazimika kuomba siku chache kwa wenye mkopo. Krenki na pistoni hazikuguswa.

Kabla ya kuondoka, kijana alipanda mlima wa Gairo peke yake, kisha akashuka akiachia petroli. Injini ilinguruma tu. Aliporudi, mzee alimpa penseli na kipande cha karatasi ngumu, akamwambia aandike tarehe ya siku ile na hesabu ya kilometa iliyo kwenye saa ya pikipiki, akiweke chini ya kiti. "Kila ubadilipo oili, andika. Mimi nitazeeka nisisikie tena, lakini karatasi haisahau."

6. Mafunzo ya habari hii

Njia ya mzee yule yafaa kwa injini na kwa mambo mengine mengi. Alianza na lililo rahisi kabla ya lililo gumu, na lililo nje kabla ya lililo ndani. Aliuliza kabla ya kugusa. Alijaribu jambo moja kwa wakati mmoja, ili ajue ni lipi lililobadilisha mlio. Alipopata sababu moja hakuridhika, akaitafuta ya pili. Wala hakutegemea sikio peke yake, bali alitafuta shahidi wa pili na wa tatu.

Tena, hakuweza kuanza mpaka kijana aliposema kweli. Lita moja ya oili iliyofichwa ilikaribia kuleta hasara ya injini nzima. Wazee walinena: Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maneno

gasketi: kipande chembamba kinachowekwa kati ya vyuma viwili ili oili isivuje.
kayamba: ala ya muziki ya matete yenye mbegu ndani, huchezwa kwa kutikiswa.
masizi: weusi uachwao na moshi.
mhimili: chuma kirefu cha mviringo kizungukacho.
sumaku: kitu kivutacho chuma.

Maswali

1. Laennec alifanya nini mwaka 1816, na fundi wa Gairo alifananaje naye?
2. Injini ikizunguka mara 4,200 kwa dakika, krenki huzunguka mara ngapi kwa sekunde? Na kemshafti je?
3. Kwa nini mlio wa hodi hupungua injini ipatapo moto?
4. Kijana alisema kwamba mlio hupungua mlimani. Neno hilo lilionyeshaje kwamba huenda krenki haikuwa mbovu?
5. Kwa nini mzee aliiwasha injini uani, si ndani ya nyumba?
6. Taja mashahidi watatu walioonyesha kwamba ugonjwa ulikuwa katika cheni.
7. Kijana alificha nini, na kwa sababu gani? Andika mistari kumi ukieleza kama sababu yake ilikuwa njema, na kama tendo lake lilikuwa jema.